Kumlisha Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo Bila Kumpalia: Mwongozo kwa Familia Nzima

Maswali ninayoulizwa na akina mama, kliniki na majumbani, ni yale yale. Kwa nini mwanangu hamalizi mwezi bila kuugua kifua? Mbona tunamaliza saa nzima kwenye bakuli moja la uji na kilo hazipandi? Nikimkalisha anakakamaa na kurusha kichwa nyuma, nifanyeje? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, mama mkwe akiwa ametoka uani: ni kweli nisipomlaza na kummiminia hatakula kabisa?

Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, yasomwe na mama, baba, bibi, dada wa kazi na yeyote anayebaki na mtoto mama akienda sokoni. Mimi nafanya kazi ya utengamao wa watoto, yaani kuwasaidia wenye ulemavu waweze kutumia miili yao vizuri zaidi. Kama kuna jambo moja ningetaka kila nyumba yenye mtoto wa namna hii ilijue, ni hili: mtoto asilishwe akiwa amelala chali. Hata siku moja. Hata kama wote mmechoka.

Mwongozo huu ni wa mtoto aliyevuka miezi 6 na ameshaanza kula. Kama wako ni mdogo zaidi na ananyonya kwa shida, usianze na uji. Mpeleke kliniki uelekezwe kukamua maziwa na kumpa kwa kikombe.

Elewa hili kwanza

Mtindio wa ubongo unatokana na ubongo kuumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Si laana, na hauambukizi. Sehemu iliyoumia ndiyo inayoongoza misuli, na kumeza nako ni kazi ya misuli: midomo ifunge, ulimi usukume, njia ya hewa izibwe, chakula kiteremke. Mtoto akiwa chali na shingo imerudi nyuma, uji unateremka wenyewe kabla hajawa tayari kuumeza, na njia ya hewa iko wazi. Unaishia kifuani. Wengine watakohoa. Wengine hawakohoi kabisa, na hao ndio wa kuogopewa zaidi, maana nyumbani mnadhani anakula vizuri mpaka nimonia imerudi mara ya tatu.

Kama kuna mtu nyumbani anayebisha, usigombane naye. Mwombe ainue uso atazame dari, kisha ajaribu kumeza mate. Atahisi mwenyewe koo linavyokataa. Nimeona mabibi wenye msimamo mkali wakibadilika kwa jaribio hilo moja, baada ya maelezo yangu yote kushindikana.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mahali pa kumkalisha: mapaja yako na ukuta wa kuegemea, au kiti cha pembe (chenye mgongo wa mbao mbili zinazokutana kama kona ya chumba) kilichotengenezwa na fundi seremala, au beseni imara lililojazwa kanga zilizokunjwa pembeni.
- Kijiko kidogo kisicho na kina, cha plastiki ngumu. Vile vya plastiki nyepesi vya kutupa usivitumie, vinavunjika mdomoni. Cha bati ni sawa kama mtoto haumi kijiko.
- Kikombe laini cha plastiki. Kata ukingo wa upande mmoja kwa umbo la nusu duara ili pua ipate nafasi, kisha sugua kwa msasa mpaka ukingo usikwaruze.
- Bakuli mbili. Nitaeleza kwa nini mbili.
- Chujio, na kinu au blenda.
- Kanga za kukunja, na kitambaa safi cha kufuta udenda.
- Watu wawili wanaojua kumlisha, si mama peke yake. Hili nalihesabu kama kifaa. Mama akiugua siku mbili, mtoto hawezi kufunga siku mbili.

Hatua ya 1: Chagua wakati akiwa macho

Mtoto mwenye usingizi hamezi vizuri. Kama anatumia dawa za kifafa zinazolevya, kwa mfano fenobabitoni, angalia baada ya dozi huwa anasinzia saa ngapi, upange mlo kabla au baada ya usingizi huo. Usiache dawa wala usibadili dozi ili apate kula. Zungumza na daktari.

Gawa chakula cha siku mara tano au sita, kidogo kidogo. Misuli yake inachoka haraka kuliko ya kaka zake. Zima redio au televisheni, maana watoto wengi wa aina hii hushtuka kwa kelele za ghafla, na mshtuko ukija na uji mdomoni, anapaliwa.

Hatua ya 2: Pika chakula kinachokaa kwenye kijiko

Chota, kisha inamisha kijiko. Chakula kinachofaa kwa wengi kinakaa kwenye kijiko bila kutiririka, na ukiinamisha zaidi kinaanguka kwa pamoja. Kikimwagika kama chai, ni chepesi mno. Kikigoma kuanguka, ni kizito na kinanata, ongeza maziwa au mchuzi uliochujwa.

Mtori ukipondwa vizuri na kuchujwa nyuzi za nyama unafaa sana. Hali kadhalika viazi lishe vilivyopondwa na maziwa, parachichi, ndizi mbivu iliyosagwa, maharage yaliyochemshwa na kupitishwa kwenye chujio kuondoa maganda, na uji mzito wa lishe.

Vya kukwepa ni vile vyenye maji na vipande kwa pamoja: wali uliomwagiwa mchuzi, supu yenye vipande, biskuti iliyolowekwa kwenye chai. Mdomo wake unatakiwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja na hauwezi. Karanga nzima, popcorn, ugali mkavu unaovunjika punje na samaki mwenye miiba visifike kabisa kwenye bakuli lake.

Sasa kilo. Mtoto anayekula kidogo lazima kila kijiko kiwe na nguvu. Kwenye bakuli la uji tia kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia, au karanga zilizosagwa laini kabisa, au maziwa badala ya maji. Yai lililoiva na kupondwa linaingia vizuri kwenye viazi, na unga wa dagaa waliosagwa na kuchekechwa unaingia kwenye mboga. Siagi ya karanga usimpe ikiwa peke yake, inaganda kwenye kaakaa. Ichanganye kwenye uji. Chagua karanga na mahindi kwa mkono kabla ya kusaga, tupa zote zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, kwa sababu ya sumukuvu. Kupika hakuiondoi.

Kuhusu kimea: akina mama wengi wameambiwa waongeze unga wa kimea kwenye uji wa mtoto. Ni ushauri mzuri kwa mtoto anayemeza kawaida, ila kimea kinalainisha uji na kuufanya mwepesi. Kwa mtoto anayepaliwa na vitu vyepesi, hapo umeongeza tatizo. Ukikitumia, anza na unga mwingi zaidi na upime tena kwa kijiko kabla ya kumpa.

Na hizo bakuli mbili? Mate yanafanya kazi ile ile ya kimea. Kijiko kinatoka mdomoni kinarudi kwenye uji, kinapeleka mate, na mtoto mwenye udenda mwingi ana mate mengi. Uji uliokuwa mzito mwanzo wa mlo unakuwa maji mwishoni, ndipo anapoanza kukohoa, na nyumbani mnasema "ameshiba." Weka chakula chote bakuli kubwa, chota kiasi kidogo kwenye bakuli la kulishia, kikiisha ongeza. Kilichobaki kwenye bakuli la kulishia usikirudishe.

Hatua ya 3: Mkalishe

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mkao ukiwa mbaya, hatua zote zinazofuata zitakuwa mapambano.

Anza na nyonga, si kichwa. Makalio yarudi mwisho kabisa wa kiti, nyonga zikunjwe, magoti yakunjwe, nyayo zikanyage kitu. Mtoto anayekakamaa na kujinyoosha hulegea ukikunja nyonga na magoti. Kisha leta mabega mbele kidogo, mikono yote miwili ikae mbele yake, juu ya meza ndogo au juu ya kanga iliyokunjwa mapajani. Mwisho kichwa: kiwe katikati, kisiegemee bega, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani.

Onyo: usisukume kichwa kwa kiganja kutoka kisogoni. Ukimsukuma kisogo, naye anasukuma kurudi nyuma kwa nguvu zaidi, mwili wote unakakamaa, na kila mmoja anadhani mtoto ni mkaidi. Tegemeza mabega na chini ya shingo kwa mkono wako, kichwa kitafuata.

Kama unamlisha mapajani, kaa chini au kwenye kigoda, mgongo wako ukutani. Mkalishe upande, miguu yake ipite juu ya paja lako moja, na goti la upande huo liinue kidogo ili nyonga zake zikunjike. Mkono wako mmoja unapita nyuma ya mabega yake, mwingine unashika kijiko. Mkono wake ulio upande wako usipotelee nyuma ya mgongo wako, ulete mbele. Mtoto mkubwa mzito hutammudu hivi, na mgongo wako nao una thamani. Huyo atafutiwe kiti. Wapo wanaotengeneza viti imara kwa maboksi yaliyobandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga, yakikauka vizuri yanabeba uzito. Uliza hospitali yenye kitengo cha utengamao: CCBRT au Muhimbili kwa Dar es Salaam, KCMC kwa Moshi, Bugando kwa Mwanza.

Kabla ya kijiko cha kwanza, acha akae hivyo dakika chache. Pumzi itulie.

Hatua ya 4: Kaa chini yake au usawa wa macho yake

Ukimlisha umesimama, atainua uso kukutazama, na shingo imesharudi nyuma. Kaa kwenye kigoda. Kijiko kije kutoka mbele na chini. Mwonyeshe chakula, mtajie, mwache anuse. Anaweza asiseme neno hata moja na bado akaelewa kwamba leo ni viazi.

Hatua ya 5: Kijiko

Jaza nusu tu. Kiweke katikati ya ulimi, kandamiza chini kidogo, subiri mdomo wa juu ushuke wenyewe, kisha kitoe kikiwa kimenyooka. Usikwangue chakula kwenye meno ya juu wakati wa kutoa. Ukikwangua, kichwa kinarudi nyuma na midomo haijifunzi kazi yake.

Kwa wengine midomo haifungi bila msaada. Ukiwa umekaa mbele yake, weka dole gumba kati ya mdomo wa chini na kidevu, kidole cha shahada kwenye taya karibu na sikio, na kidole cha kati chini ya kidevu. Unasaidia taya kufunga taratibu, hulazimishi. Ngozi ya uso wake iguswe kwa uthabiti, si kwa kutekenya. Atalikataa siku za mwanzo, basi anza na vijiko vitatu kwa mlo kisha umwache ale kama alivyozoea.

Hatua ya 6: Subiri ameze

Tazama koo. Ukiona limepanda na kushuka, tazama tena, wengi humeza mara mbili kwa kijiko kimoja. Fungua mdomo wake kidogo uhakikishe hauna chakula, ndipo ulete kijiko kingine. Haraka ya mlishaji ndiyo inayowapalia watoto wengi, na haraka hiyo ina sababu: kuna nguo za kufua, kuna biashara, kuna mtoto mwingine analia. Ndiyo maana nasisitiza baba na wengine wajifunze. Baba anayeweza kutoa mlo wa jioni peke yake amemsaidia mkewe kuliko wageni kumi wanaokuja kutoa pole.

Hatua ya 7: Kinywaji

Maji ndiyo magumu kuliko vyote, kwa sababu yanakimbia. Tumia kile kikombe kilichokatwa. Sehemu iliyokatwa ikae juu upande wa pua, ukingo wa chini ukae juu ya mdomo wa chini, si kati ya meno. Inamisha mpaka kinywaji kiguse mdomo, kisha subiri avute mwenyewe. Usimimine. Chuchu ya chupa na kikombe cha mdomo wa kunyonya vinamlazimu kurudisha kichwa nyuma, achana navyo.

Akipaliwa na maji, mpe vinywaji vizito: mtindi, uji mwepesi kidogo kuliko wa kijiko, juisi nzito ya embe au parachichi iliyochujwa. Usimpunguzie kinywaji eti kwa sababu anakohoa. Mtoto mwenye kiu anafunga choo, na aliyefunga choo hali.

Hatua ya 8: Maliza

Nusu saa inatosha. Ikivuka hapo anachoka, bora upumzike na urudi baadaye. Mwache akae wima nusu saa nyingine baada ya kula. Kisha safisha mdomo kwa kitambaa chenye maji au mswaki laini, pamoja na mashavuni ndani ambako chakula hujificha. Mabaki hayo huteremka akilala.

Makosa ninayoyakuta kila mara

Kumbana pua ili afungue mdomo. Hili ni hatari, anavuta hewa na chakula pamoja. Kumlisha akiwa analia ni vilevile. Kumpigapiga kichwani akipaliwa, hakusaidii chochote. Kumfichia chakula cha familia na kumpa uji mtupu miaka yote: pondaponda kile mnachokula, aonje nazi, aonje kitunguu, aonje Idi na Krismasi kama wenzake.

Matatizo na la kufanya

*Anauma kijiko na hakiachi.* Usivute. Mwinamishe mbele kidogo, shusha kidevu, subiri. Taya italegea. Ukivuta inakaza zaidi.

*Ulimi unasukuma chakula nje.* Angalia kwanza kichwa kama kimerudi nyuma. Kisha kandamiza kijiko zaidi katikati ya ulimi, au weka chakula pembeni, kati ya shavu na meno ya nyuma, kushoto na kulia kwa zamu.

*Anatapika baada ya kula.* Punguza kiasi, ongeza idadi ya milo, usimbane tumbo kwa nguo wala kumkunja kupita kiasi. Kutapika kukiendelea, au akijipinda na kulia kila akila, inawezekana chakula na asidi vinapanda kutoka tumboni na vinamuunguza. Kuna dawa, mwone daktari.

*Ghafla amekataa kula.* Chungulia mdomoni: jino, kidonda, utando mweupe. Uliza amepata choo lini. Hawezi kusema panapouma, kukataa ndiyo kauli yake.

*Degedege limeanza akiwa anakula.* Acha kulisha, mlaze ubavu ili chakula kitoke chenyewe, usiingize kidole wala kijiko, angalia saa. Likivuka dakika 5, hospitali. Usimpe chochote mdomoni mpaka awe macho kabisa.

*Amekabwa, hawezi kukohoa wala kulia.* Mwinamishe, kichwa kiwe chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, kwa mtoto chini ya mwaka mgeuze chali kwenye mkono wako na ukandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Kwa aliyezidi mwaka, simama nyuma yake, kandamiza juu ya kitovu kwa ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu huku mwenzako akitafuta usafiri. Usiingize kidole kutafuta usichokiona. Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze kwenye sehemu ngumu na uanze kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi kama unajua, mpaka msaada ufike.

*Kilo hazipandi.* Mpime kila mwezi. Kama kliniki hawampimi kwa kuwa ameshavuka miaka 5, jipime mwenyewe ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe uzito wako. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mwombe mhudumu apime mkono kwa ule mkanda wa rangi: chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali na anahitaji matibabu, si ushauri wa kuongeza mafuta peke yake.

Usisubiri, nenda hospitali ukiona

Anakohoa au macho yanatoka machozi karibu kila mlo. Sauti au pumzi imekuwa ya majimaji baada ya kumeza. Midomo inabadilika rangi. Homa na kifua vinajirudia. Mlo unachukua zaidi ya nusu saa kila siku ingawa umebadili mkao na chakula. Mweleze daktari neno kwa neno, "anapaliwa akila," maana ukisema "ana kikohozi" utapewa dawa ya kikohozi na kurudishwa nyumbani. Nenda na video fupi ya simu ukimlisha, inaeleza mengi kwa dakika moja.

Inawezekana daktari akashauri mpira wa kulishia, wa kupitia puani kwa muda au wa tumboni kwa muda mrefu. Akina mama wengi wanalia wakisikia hivyo, wakidhani wameshindwa. Hujashindwa. Mpira unampa nguvu na dawa bila kupitia kifuani, na mara nyingi mtoto anaendelea kuonja kidogo kwa mdomo kama daktari ameruhusu. Kabla hujaondoka wodini hakikisha umefundishwa kuangalia kama mpira uko mahali pake kila kabla ya kulisha, namna ya kuusafisha, na la kufanya ukichomoka usiku. Na mtu wa pili nyumbani afundishwe pamoja nawe, siku hiyo hiyo.